Mkutano wa Watu Themanini na Saba

Kwa mujibu wa muhtasari uliobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, Jumamosi saa nne asubuhi mama mmoja mzee alisimama mbele ya wakazi themanini na saba wa mtaa wake akasema hivi: "Sisi wazee tumeupokea mradi huu kwa mikono miwili, kwani maendeleo hayasubiri." Jina lake lilikuwa limeandikwa kamili, la kwake, la baba na la babu, na pembeni namba ya nyumba.

Binti yake aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye macho ya kuona mshono ulioruka akiwa upande wa pili wa chumba, kwa hiyo hakuwa amesoma vibaya. Mama yake alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kulia wote ukalala. Tangu hapo hajasimama bila kushikwa na watu wawili, na katika maneno yote aliyokuwa nayo amebakiwa na moja tu: basi. Akiwa na njaa husema basi, akishiba husema basi, na wa nyumbani wamejifunza kumwelewa kwa namna anavyolivuta au kulikata.

Mshonaji alikuwa amefika ofisini hapo kufuatilia barua ya kumwombea mama huyo kiti cha magurudumu. Barua aliisahau. Alirudi juu ya karatasi, akaisoma toka mwanzo. Wakazi, kwa kauli moja, wameridhia kiwanja cha wazi kilicho nyuma ya shule, kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya zahanati, apewe mwekezaji ajenge kituo cha mafuta. Afisa ardhi wa wilaya atafika Alhamisi saa tisa alasiri kuthibitisha ridhaa hiyo mbele ya wananchi. Chini kabisa kulikuwa na sahihi mbili. Ya mtendaji wa kata aliijua kwa kuiona kwenye matangazo mengi. Ya mwenyekiti wa mtaa aliijua zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye cheti chake cha ndoa.

Alikwenda dirishani.

"Naomba nakala ya ile karatasi ya ubaoni."

"Wewe nani?" karani akauliza.

"Mkazi."

"Mkazi anaandika barua ya maombi. Barua anaipitisha kwa mwenyekiti wa mtaa wake. Mwenyekiti akiridhia, ndiyo inakuja hapa."

"Mwenyekiti ni mume wangu."

"Una bahati wewe," karani akasema, macho yake kwenye simu. "Wenzio huwachukua wiki mbili."

Mshonaji alitoa mkobani karatasi ya kukatia violezo vya mashati, akaigeuza upande mweupe, akaanza kunakili kwa penseli, kasimama, huku waliokuwa foleni wakimchungulia begani. Mmoja alimuuliza kama majina hayo ni ya mgao wa kitu. Alijibu kwamba ndiyo, ni mgao, na hata yeye jina lake limo.

Mumewe alirudi saa kumi na moja jioni, magoti ya suruali yamelowa, akafungua redio kabla ya kuvua viatu. Alikuwa fundi bomba, na mwaka wa tatu sasa alikuwa mwenyekiti wa mtaa, cheo kisicho na mshahara wala ofisi. Hakuna aliyemshinda mtaani kwa kuzijua siasa za nchi. Alijua waziri gani kahamishwa toka wizara gani, nani kahama chama na nani karudi kwa aibu. Redio ikiwa kwenye matangazo ya bunge alijibizana nayo kama vile wabunge wako sebuleni.

"Umewasikia hawa?" alimwambia mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani anatia vifungo. "Kurasa mia mbili! Wamegawiwa asubuhi, mchana wameshapitisha. Hata jalada hawajafunua. Kazi yao kugonga meza. Nchi inagawiwa mchana kweupe, na watu wamekaa na tai zao."

"Wewe ulisoma?"

"Nisome nini?"

"Ulichosaini."

Fundi bomba alinyoosha mkono akazima redio. Mama mkwe wake alikuwa pale pale sebuleni, kwenye kiti chake kando ya dirisha, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto mdogo. Aligeuza macho toka kwenye redio akamtazama mkwe wake.

"Ule ni utaratibu tu," alisema fundi bomba kwa sauti ya chini. "Mtendaji alinikuta kazini, nimelala chini ya sinki la watu, mikono yote tope. Akasema karatasi zinatakiwa wilayani leo leo. Nikasaini juu ya boneti ya gari lake."

"Mkutano ulifanyika lini?"

"Mke wangu, kwani hao watu wangekuja? Kila nikiitisha mkutano wanakuja tisa, na wanne kati yao wamekuja kuniuliza mambo ya mabomba yao."

"Nimekuuliza mkutano ulifanyika lini."

"Haukufanyika."

Cherehani ilizunguka kidogo, ikasimama. Mwanamke aliuliza kama si ahadi ya zahanati ndiyo iliyompa mumewe kura. Mwanamume alisema kila mtu huomba kura kwa zahanati, hata aliyemtangulia, na kiwanja kimebaki majani miaka yote hiyo kwa sababu wilaya haina mpango nacho. Mwekezaji ataijengea shule vyoo. Mabomba yote ya kituo, ya maji safi na maji taka, atafunga yeye, mtendaji amemhakikishia. Na mwakani kiti cha diwani kiko wazi, na chamani jina lake limeshatajwa na watu wanaosikilizwa.

"Sasa niambie," alisema, "mtu anakuwaje diwani kwa kulala chini ya masinki ya watu?"

"Siku mama alipoanguka tulimfikisha hospitali baada ya saa ngapi?"

"Tano."

"Daktari alisema nini?"

"Usianze hayo."

"Alisema nini?"

"Kwamba laiti tungewahi."

Mshonaji aliinuka, akachukua ile karatasi ya violezo, akavuta kigoda mpaka miguuni pa mama yake. Mzee huyu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. Alikuwa ameandika maneno ya wezi, ya wajane, ya watu waliodanganya na waliosema kweli, yote kama yalivyotoka vinywani, na nyumbani alikuwa akiwaambia wanawe kwamba karani akiongeza hata mkato amekuwa shahidi.

"Mama, wamekuandika," binti alisema. Akamsomea. Alisoma polepole, bila kutia sauti yoyote, mpaka kwenye "maendeleo hayasubiri".

Mzee alimtazama binti, kisha mkwe. Midomo yake ilijaribu kitu kirefu. Kidole cha mkono wa kushoto kiligonga mkono wa kiti mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayepiga taipu.

"Basi," alisema. Na tena, kwa nguvu zaidi: "Basi."

Fundi bomba alisema anakwenda kuoga.

Kesho yake asubuhi alikuwa na kazi kwa jirani yao, mzee aliyestaafu kusambaza barua ambaye mtaa ulimpa jina la Gazeti. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Kwa kawaida Gazeti huvuta kiti, akakaa hapo hapo jikoni wakabishana kuhusu serikali mpaka kazi iishe, na chai juu. Siku hiyo alisimama mlangoni.

"Nilipita kwenye ubao jana jioni," alisema. "Kumbe na mimi nilichangia."

Fundi bomba aliendelea kulegeza nati. Kichwa kilikuwa ndani ya kabati.

"Nimesema mambo ya maana sana. Nimezungumzia ajira kwa vijana, nimezungumzia mapato ya kata. Maishani mwangu sijawahi kuongea vizuri namna ile. Nilimwita mke wangu aje anisome."

"Mzee, hayo mambo yatarekebishwa."

"Mimi nikilaani serikali huwa nawalaani wale wa juu, kwa sababu siwajui. Wewe tumekuchagua kwa kunyoosha mikono hapo nje. Mimi nilinyoosha."

Fundi bomba alikaza nati, akafungua maji, akakausha kwa tambara kuhakikisha. Alipotoka kabatini alikuta Gazeti amemshikia kipande cha karatasi na kalamu.

"Niandikie kwamba bomba limetengenezwa."

"Tangu lini tunaandikishana, mimi na wewe?"

"Tangu leo. Ila safari nyingine ukibanwa na kazi, unaweza kuandika tu bila kuja."

Chai haikutajwa. Fundi bomba aliandika, akaweka sahihi yake, akakusanya spana zake moja moja huku mwenye nyumba akiangalia.

Toka hapo alikwenda moja kwa moja ofisi ya kata. Mtendaji alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mazoea ya kumshika mgeni bega kabla hajaketi. Fundi bomba alimweleza shida yake, na aliieleza kama shida ndogo: mama mkwe wake ni mgonjwa, hasemi, mtaa mzima unajua, kwa hiyo jina lake liondolewe. Hayo mengine hakuyagusa.

"Ndugu yangu," alisema mtendaji, "muhtasari umeshafika wilayani. Nikimtoa mama mkwe wako leo, kesho watauliza kwa nini. Tena ukishaanza kutoa majina, itabidi nimtoe na marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Nakutania."

Hakuwa anatania. Orodha ilitolewa kwenye daftari la wakazi lisilosahihishwa kwa miaka mingi, na baba mmoja muuza kuni, aliyezikwa wakati wa mvua zilizopita, alikuwa ameafiki hoja akiwa namba hamsini na moja. Mtendaji alianza kupanga faili zilizokwisha kupangwa.

"Sikiliza, Mwenyekiti. Kazi yako Alhamisi ni nyepesi. Unasimama, unausoma, unasema ndivyo ilivyokuwa, tunakwenda zetu. Hakuna atakayebisha, watu wetu unawajua. Wakishaketi wanafikiria kurudi nyumbani. Halafu mwakani mimi na wewe tutakuwa tunaongea mambo mengine kabisa. Utakuwa unaniamuru wewe."

Fundi bomba alicheka kwa kuwa mwenzake alicheka. Njiani alijilaumu zaidi kwa kicheko hicho kuliko kwa sahihi. Alipita kiwanjani. Wanafunzi walikuwa kwenye mapumziko, wamejipanga mistari miwili wanarushiana mpira wa matambara, na mwalimu mmoja alimpungia mkono toka mbali kama kawaida. Naye alipunga, akaharakisha.

Siku zilizobaki mkewe hakugombana naye. Alimpakulia chakula, alimfulia, alimjibu alipoulizwa. Ila kila aliyeleta sare kushonwa alisomewa karatasi ile, na kila mmoja alitafuta jina lake kwa kidole. Wapo waliokasirika. Wapo waliocheka wakaondoka. Mama mmoja alisema yeye hajali kiwanja, anachotaka kujua ni kwa nini mume wake kawekwa na yeye kaachwa.

Alhamisi walikuja watu zaidi ya mia. Mtendaji hakulitegemea hilo; viti alivyokodi vilikuwa arobaini. Meza iliwekwa chini ya turubai kwenye kiwanja chenyewe, na nyuma yake walikaa afisa ardhi wa wilaya, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, na mtendaji, na nafasi moja ya mwenyekiti.

Saa tisa na dakika chache mshonaji alitokea upande wa shule pamoja na majirani watatu. Walikuwa wamembeba mama yake na kiti chake, kila mmoja mguu mmoja wa kiti, wakipumzika kila hatua ishirini. Mzee alikuwa amevalishwa gauni lake la kazini la zamani, lililompwaya. Watu walisogeza miguu kuwapisha. Walimweka mstari wa mbele kabisa, hatua nne kutoka kwenye meza, na binti akamfuta jasho kana kwamba ndiye aliyekuwa ametembea.

Mtendaji aliinama sikioni kwa fundi bomba. "Huyu wa nini hapa?"

"Ni mkazi," fundi bomba akajibu.

Alisimama kusoma. Alikuwa na sauti nzuri ya mikutano. Ndiyo iliyompa kura kuliko hata zahanati. Alisoma tarehe, alisoma saa, alisoma ajenda. Aliposoma "waliohudhuria, themanini na saba" watu walianza kunong'ona. Alisoma mchango wa kwanza, wa Gazeti, kuhusu ajira kwa vijana, na Gazeti akainuka mahali pake, akainama kidogo kama mtu anayepokea makofi, akaketi. Vicheko vikasikika nyuma. Afisa ardhi aliandika kitu.

Mchango wa pili ulikuwa wa mama mkwe. Fundi bomba alisoma jina, la kwake, la baba na la babu. Akasoma "alisimama". Hapo akanyamaza.

"Endelea, Mwenyekiti," alisema afisa ardhi.

Fundi bomba alikuwa anaitazama karatasi, lakini hakuwa anasoma tena. Mtendaji alikohoa. Mzee pale mbele alikuwa amemkazia macho mkwe wake, na macho hayo hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya karani anayemsubiri shahidi, kalamu tayari.

"Mama mkwe wangu ndiye huyu," alisema fundi bomba. Sauti ya mikutano ilikuwa imemtoka. Waliokuwa nyuma walilazimika kusogea. "Hawezi kusimama. Hawezi kusema. Na huo mkutano haukuwapo, siku hiyo mimi nilikuwa nazibua choo. Karatasi ililetwa imeshaandikwa. Sikuisoma. Sahihi ni yangu."

"Basi," alisema mzee, kwa sauti ndogo, akalegeza shingo.

Kama fundi bomba alitegemea makofi, hayakuja. Ilikuja sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Umepewa nini?" Alikuwa mama ambaye fundi bomba alimtengenezea tangi bure wiki mbili kabla.

"Niliahidiwa kazi ya mabomba," alisema. "Na udiwani."

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Na zahanati yetu?"

"Mwacheni, angalau kasema!"

"Kasema baada ya kubanwa na mkewe! Asingebanwa angesema?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Mtendaji alishasimama, anaeleza kwamba pamejitokeza mkanganyiko wa kiuandishi. Afisa ardhi aliufunga muhtasari ndani ya faili lake, akavua miwani ikabaki inaning'inia kifuani, akasema shauri linarudi wilayani, kwamba ridhaa haijathibitishwa, kwamba haina maana imekataliwa wala imekubaliwa, na kwamba watu watajulishwa. Walipomuuliza watajulishwa lini alisema kwa utaratibu wa kawaida. Gari lake liliondoka kabla viti havijakusanywa.

Wale majirani watatu walikuwa wameshajiunga na mabishano, kwa hiyo mzee alirudishwa nyumbani na binti yake na mkwe wake, mmoja kashika nyuma, mwingine mbele. Watu wengine waliwapita bila kusalimu. Mmoja alimwambia fundi bomba pole, bila kusema pole ya nini.

"Wamenitukana kwenye kiwanja," alisema walipopumzika mara ya kwanza.

"Nimesikia."

"Ulitaka nifanye nini kingine?"

"Hicho ulichofanya," alisema mkewe. "Ila ulitaka nikupongeze, na mimi bado sijafika huko. Shika vizuri, unamwinamisha."

Alishika vizuri.

Jumatatu aliitwa ofisi ya kata. Safari hii mtendaji hakumshika bega. Alimwonyesha kiti, akasukuma mbele yake karatasi nyeupe na kalamu, akamwambia aandike barua ya kujiuzulu uenyekiti, kwa sababu za kifamilia. Fundi bomba alikuwa ameshajua ataitiwa hilo, na tangu asubuhi alikuwa ameshalikubali. Aliandika mistari mitatu. Sababu za kifamilia hakuziweka. Aliandika kwamba alisaini muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika.

Mtendaji aliisoma akiwa amesimama. "Hiyo sababu siipendi, lakini tuiache. Rekebisha tarehe. Weka Jumatano."

"Jumatano ya wiki iliyopita?"

"Ndiyo. Siku moja kabla ya mkutano. Ukiwa umejiuzulu Jumatano, uliyoyasema Alhamisi umeyasema kama mtu binafsi, na kumbukumbu zinakaa sawa. Hata wewe inakulinda."

Aliichana ile barua katikati, akampa karatasi nyingine. Fundi bomba aliandika upya mistari yake mitatu, bila haraka, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika vipimo vya mabomba. Juu kulia aliweka tarehe ya siku hiyo, Jumatatu. Mtendaji alichana na hiyo. Ya tatu ilipoandikwa vile vile hakuichana. Aliiweka mezani, akabaki anaitazama.

"Unajua hutashika kazi yoyote ya halmashauri? Hata ya kuzibua mtaro?"

"Najua."

"Haya, lete muhuri wa mtaa."

Fundi bomba aliutoa mfukoni, umefungwa kwenye kitambaa, akauweka juu ya meza lakini akaushikilia kwa kidole kimoja. Kwa mkono mwingine alichukua nusu mojawapo ya barua zilizochanwa, akaigeuza, akaandika upande wa nyuma: nimepokea muhuri wa mtaa kutoka kwa mwenyekiti aliyejiuzulu. Akaacha nafasi ya sahihi, na nafasi ya tarehe, akaisogeza mbele pamoja na kalamu.

"Sahihi yako hapo," alisema. "Na tarehe."

Mtendaji alikaa chini. Alichukua kalamu, akatia sahihi yake kubwa yenye mikia miwili, kisha akainua kichwa akaitazama kalenda ya ukutani kwa muda mrefu, kama mtu ambaye kweli hajui leo ni siku gani.